Umesifu mti, ukaupita uso

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya vinyago umesifu mti ukaupita uso. Huku kwetu Masasi na Newala, lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji hulivaa kichwani. Kazi yenyewe huanza patasi ikishawekwa chini: nembo, yaani chale za usoni. Mafundi wa zamani walikata nta ya nyuki vipande vyembamba, wakavibandika kimoja kimoja mashavuni na kwenye paji la uso, kwa jicho tu, hadi vikafanana na chale za wazee wao. Wakaongeza na nywele halisi za mtu!

Siku hizi sanamu ndogo za mpingo za kuuzia watalii hupakwa kiwi, zikang'aa, mashavu matupu. Bibi aliyechongwa ana ndonya, kile kipini cha mdomo wa juu, lakini hana chale. Bibi gani huyo?

Anayetaka kumchora chale aanzie katikati ya nyusi, kisha ashuke shavu hili na lile kwa zamu. Akimaliza moja kwanza, la pili litamkataa. Na rula aiache nyumbani, chale hazikuwahi kunyooka hivyo.

Msomaji, Lisekese