NYUMBA MOJA, UKUMBI MMOJA: NANI MPANGAJI?

Katika Mwimbi, kama katika Sumbawanga na miji mingine ya nchi hii, ziko nyumba tuzijuazo sote: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, jiko na choo uani. Mwenye nyumba hulala chumba kimoja na jamaa zake. Vyumba vilivyobaki huvipangisha kwa mwalimu, muuguzi, fundi wa mashine ya kusaga au mchuuzi wa mahindi. Ukumbi ni wa wote, na uani ni kwa wote. Wakipatana, hapana neno. Wakikosana, ndipo lizukapo swali zito: yule wa chumba cha pili ana haki gani mbele ya sheria?

Wako wenye nyumba wasemao kwamba, maadamu wao wenyewe wamo ndani, yule si mpangaji bali ni mgeni tu, na mgeni huondoka apendapo mwenyeji. Maneno haya ni ya hatari. Kweli, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini alipaye kodi kila mwezi amekwisha kushika jembe lake tangu siku ya kwanza.

Mahakama za nchi nyingine zimelipima swali hili. Mwaka 1945, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la Neale na Del Soto. Mpangaji alikuwa na vyumba viwili, lakini jiko, bafu na choo akivitumia pamoja na mwenye nyumba. Majaji wakasema hayo si makao yaliyojitenga, basi sheria ya kodi haimlindi. Kwa sababu ya jiko, mtu akakosa kinga!

Mwaka 1985, katika shauri la Street na Mountford, Lordi Templeman alieleza kwamba jina lililoandikwa juu ya karatasi haligeuzi ukweli. Aliyepewa chumba akakitawala peke yake, kwa muda uliojulikana na kwa kodi, huyo ni mpangaji, hata karatasi ikimwita vinginevyo. Lakini ikiwa mwenye nyumba huingia chumbani wakati wowote kufagia na kuhudumia, huyo aliyemo ni mkaaji tu.

Na hapa kwetu? Tulikuwa na Sheria ya Kuzuia Kodi za Nyumba ya mwaka 1962, kisha ya mwaka 1984, zilizomzuia mwenye nyumba asimwondoe mpangaji bila sababu iliyokubaliwa na sheria. Kinga hiyo ilifutwa mwaka 2005. Iliyobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Nayo si bure: yakubali mapatano ya mdomo kwa upangaji usiozidi mwaka mmoja, yataka anayelipa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi, na mpangaji atimizaye wajibu wake akae kwa amani.

Basi mwenye nyumba atiaye kufuli mlangoni usiku, au atoaye vyombo vya mtu nje mvuani, amejifanya hakimu katika kesi yake mwenyewe. Njia ipo. Baraza la Kata husuluhisha. Tangu mwaka 2021 halina tena uwezo wa kuamua. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufani Mahakama Kuu.

Hatusemi mwenye nyumba hana haki. Mjane aishiye kwa kodi ya vyumba viwili naye ni mnyonge, na si haki alazimishwe kupika jiko moja na mtu amtukanaye. Ndiyo maana mwaka 1974 Bunge la Uingereza lilimlegezea masharti mwenye nyumba akaaye humo humo. Nasi twataka Bunge letu liseme wazi juu ya nyumba za ukumbi mmoja: notisi iwe ya muda gani, na nani ana haki ya jiko na choo wakati shauri lingali barazani.

Wakati huo haujafika, ndugu wafanyakazi, andikeni mapatano yenu mbele ya shahidi, na kila kodi idaiwe stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na chumba bila stakabadhi hupotea vivyo hivyo.