Bi Harusi, Jiwe la Kaburi Si Pambo la Chumba



Wiki chache nyuma tulipanda boti kutoka Unguja kwenda Mtoni, ile ya Temeke, si Mtoni yetu yenye gofu la kasri la Seyyid Said. Binti yetu alikuwa anaolewa, na mashangazi tukaingia kukagua chumba kama ilivyo ada. Nyumba mpya, vigae vinang'aa, mashallah. Nyuma ya kitanda mpambaji kabandika mawe ya matumbawe ukuta mzima, ya kale kweli, na chokaa yake bado imeganda, taa ndogondogo zinayamulika. Jiwe la katikati lina shimo la duara. Ndani ya shimo kaweka mshumaa.

Tulikuwa tumeshaanza kusifu. Shangazi mkubwa akauliza tu, "Na hili tundu lilikuwa la nini?" Mpambaji akajibu kwa fahari: la sahani ya kaburi, huko pwani, lakini kaburi lenyewe limeshaanguka.

Bi harusi aliketi sakafuni, hakusema neno.

Fasheni hii ya kuleta magofu chumbani tunaipinga, na tunaipinga kwa sauti. Nendeni Kunduchi, huko huko Dar, upande wa Kinondoni. Kuna msikiti wa kale uliobomoka, mibuyu, na makaburi ya Waislamu yenye nguzo, mengine ya karne ya 18. Waliyapamba kwa sahani na bakuli za kaure zilizokuja kwa vyombo vya baharini kutoka mbali. Sahani nyingi zimeng'olewa, zimebaki duara tupu. Kila duara ni mtu aliyepita na bisibisi.

Tunajua jibu litakalokuja, maana tumeshaambiwa: kujengea makaburi kumekatazwa katika sunna, basi kuyabomoa kuna ubaya gani? Dada, hata kama aliyejenga alikosea, wewe umepewa na nani ruhusa ya kuchukua? Mtume (S.A.W.) amekataza hata kukaa juu ya kaburi. Wewe unataka kulitundika juu ya mto unaolalia. (Na nyie mnaoketi juu ya makaburi hayo na shela mkapigwe picha, maneno haya yanawahusu pia.)

Serikali nayo ina lake. Kwa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940 pia imo. Kwa hiyo ukiletewa mlango "wa bibi" kwa bei ya kutupa, uliza bibi gani.

Wengine watatucheka: nyinyi wa Unguja si mnaishi ndani ya mawe hayo hayo? Tunaishi, alhamdulillahi. Mji Mkongwe na Lamu kuna nyumba zilizokuwa magofu, zikafufuliwa, watu wanazaa na kulea humo. Ila jiwe limebaki pale fundi wa kwanza alipoliweka. Ukibahatika kupata nyumba ya namna hiyo, ikandike kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi inautafuna, na plasta inabanduka kama ngozi ya muwa.

Halafu uzuri wa nyumba zile haukuwa jiwe tupu lililo wazi. Hilo tumelibuni sisi. Ukuta ulikandikwa chokaa nyeupe laini. Boriti za mikoko haziwezi kuvuka zaidi ya kama mita 3, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, na mafundi wakatoboa zidaka ukutani. Chumba cha ndani kabisa, cha wanawake, ndicho kilichokuwa na zidaka nyingi: safu kwa safu, kaure, taa, msahafu juu kabisa.

Hilo Mtoni linawezekana. Ukuta wa tofali ni mwembamba kwa kidaka, basi fundi aongeze ukuta mwingine mbele yake na kuacha matundu, matatu au matano. Paka chokaa. Weka sahani mpya za sokoni, chetezo, asumini kwenye kombe. Hakuna maiti anayekudai.

Binti yetu aliamuru mawe yatolewe kabla ya nikaha. Ukuta ukabaki na madoa ya gundi, tukaufunika kwa kanga mbili, na hivyo ndivyo alivyoolewa. Mawe yako ndani ya kiroba, uani kwa shangazi. Anataka kuyarudisha, na kila akimpigia mpambaji simu anajibiwa vile vile: hakumbuki yalitoka kaburi lipi.