Ankara ya Postville
MIZANI, na Athmani Kibwana

Asubuhi ya Mei 12, 2008, helikopta zilizunguka juu ya Postville, mji wa watu wapatao 2,200 katika jimbo la Iowa, Marekani. Chini, mamia ya maofisa walikuwa wamekizingira Agriprocessors, kiwanda kilichoongoza nchini humo kwa nyama ya kosher, ile inayochinjwa kwa kufuata dini ya Kiyahudi. Watu 389 wakatiwa pingu siku hiyo, wengi wao Waguatemala waliokuwa wakifanya kazi bila vibali. Walipelekwa Waterloo na kuwekwa kwenye viwanja vya maonyesho ya ng'ombe, na mahakama ikawafuata hukohuko.

Serikali ilikiri kwamba msako ule ulitafuna zaidi ya dola milioni 5. Ukizigawa kwa waliokamatwa, ni karibu dola 13,000 kwa kila mchinja kuku. Hiyo ni ankara iliyoandikwa. Iliyobaki haikuandikwa popote, lakini ililipwa.

Walianza kuilipa wenye nyumba. Familia ambazo hazikukamatwa zilifungasha na kutoweka, vyumba vikabaki vitupu na pango likakatika. Mwenye duka aliyezoea foleni siku ya mshahara akawa anapiga miayo. Kulikuwa pia na akina mama walioachiwa walee watoto, wamefungwa vifaa vya ufuatiliaji miguuni na kuzuiwa kufanya kazi. Waliangukia kanisa la Kikatoliki la St. Bridget's, ambalo liliwalisha na kuwalipia pango. Yaani serikali inamnyima mtu kazi, kisha sadaka ya Jumapili ndiyo inayobeba mzigo.

Kiwanda nacho kilihangaika. Kiliwachukua watu kwenye makazi ya wasio na pa kulala, kikawasafirisha Wapalau kutoka visiwa vya Pasifiki, kikawaajiri Wasomali kutoka Minneapolis. Wote hao walikuwa na haki ya kufanya kazi. Wengi hawakudumu; kazi ya machinjioni ni ya baridi, damu na visu, na malipo yake si ya kumbembeleza mtu. Novemba mwaka huohuo kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi. Huko mijini, Wayahudi ambao hawakuwahi hata kulisikia jina la Postville wakaanza kuhangaikia nyama.

Wakubwa wa kiwanda hawakuwa malaika. Sholom Rubashkin, aliyekiendesha, alihukumiwa miaka 27 mwaka 2010 kwa udanganyifu wa benki, hadi Rais Donald Trump alipomfupishia kifungo Desemba 2017. Wafanyakazi wao, wengi walikubali miezi mitano jela kwa kutumia nyaraka bandia, wakiogopa shtaka zito zaidi la wizi wa utambulisho, lenye kifungo cha lazima cha miaka miwili. Mei 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba shtaka hilo halisimami mpaka ithibitishwe kuwa mtuhumiwa alijua namba ya utambulisho aliyoitumia ni ya mtu halisi. Washtakiwa wa Postville walikuwa wamekwishatumikia vifungo vyao kwa gharama ya mlipa kodi.

Wapo wanaosema maumivu hayo ni ya muda: ondoa mgeni, mshahara wa mwenyeji utapanda. Hoja hiyo ina mantiki, tena imewahi kupimwa. Mwishoni mwa 1964 Marekani ilifuta mpango wa Bracero, uliokuwa umewaleta vibarua wa Meksiko mashambani tangu 1942, kwa matumaini hayohayo. Wachumi Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel walilinganisha majimbo yaliyowategemea vibarua hao na yale yasiyowategemea. Ujira haukupanda zaidi kule walikoondolewa. Wakulima hawakumngoja Mmarekani wa kuinama shambani. California waligeukia mashine ya kuvunia nyanya, na mazao yasiyokuwa na mashine wakayapunguza.

Hesabu hizo hazikuizuia sheria aliyoitia saini Trump Julai 4, 2025, iliyotenga takriban dola bilioni 170 kwa mipaka na misako, bilioni 45 kati yake zikiwa za mahabusu. Miezi miwili baadaye, Septemba 4, maofisa waliingia Ellabell, Georgia, penye ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG, wakakamata watu 475. Zaidi ya 300 walikuwa Wakorea Kusini, wakiwemo mafundi wa kufunga mitambo. Georgia ilikuwa imeutafuta uwekezaji huo kwa udi na uvumba. Seoul ilituma ndege kuwachukua watu wake, na bosi wa Hyundai, José Muñoz, akatangaza kwamba kiwanda kitachelewa kwa miezi miwili hadi mitatu, kwa kuwa wengi wa mafundi wa kuziba mapengo yaliyoachwa hawapatikani Marekani.