Marufuku ya SQL

Wapo wataalamu wa kompyuta ambao ukiandika SQL kwa mkono wako, hukutazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Wao hutaka kila neno liendalo kwenye hifadhidata lipite kwa mkalimani, yaani ile programu igeuzayo mistari ya majedwali kuwa vitu vya Python au Java. Mimi nakataa. SQL ilitangazwa na Chamberlin na Boyce wa IBM mwaka 1974. Django ilitolewa mwaka 2005. Tena mkalimani mwenyewe akifika mlangoni kwa hifadhidata husema nini? SQL hiyo hiyo.

Nilipata kufanya kazi katika ofisi moja ya mikopo. Riba ilikokotolewa kwa kumwita mkopaji mmoja mmoja, kumbadilisha, kisha kumhifadhi. Kazi ya UPDATE moja ikawa inakesha. Kijana mmoja alichoka, akaandika SQL yake, na hapo namtetea hadi leo. Kosa lake ni kwamba alifungua muunganisho wa pembeni. Malipo ya siku ile yalikuwa yameingizwa na mkalimani katika muamala ambao haujathibitishwa, na muunganisho wa pili haukuyaona. Watu wakapigiwa riba juu ya fedha waliyokwisha kulipa. Mama mmoja muuza samaki alikuja na stakabadhi mkononi, akaambiwa kompyuta haikosei.

Wakubwa wakapiga marufuku SQL. Hasira hiyo ilimwangukia asiyehusika! Django inakupa connection.cursor(): unaandika SQL yako kupitia muunganisho ule ule, ndani ya muamala ule ule, ukiona yote yaliyokwisha andikwa humo, likiharibika moja, yote yanarudi nyuma. Kweli, lazima ujue mipaka yake. Thamani zipitishwe kando kwa %s, zisiunganishwe ndani ya sentensi, la sivyo mwizi atakuandikia amri zake. Vitu vilivyokwisha pakiwa havitajua kuwa jedwali limebadilika mpaka uite refresh_from_db(), na ukaguzi ulioutia ndani ya save() hautapita. Haya hufundishika kwa asubuhi moja.

Hawakufundisha. Mama yule alirudishiwa fedha yake baada ya kuja mara tatu, na nilipoondoka pale, tangazo la marufuku lilikuwa lingali ukutani, na riba ingali inakesha.