Likizo ikiahirishwa, tiketi isife

Mzazi wa Likasi anayewapeleka watoto Lubumbashi kutazama wanyama au kucheza wakati wa likizo kubwa ana safari ya kilomita 120 hivi. Homa ya mtoto mmoja, au mshahara uliochelewa, yatosha kuivuruga. Je, tiketi alizokwisha kulipia zitupwe?

Hapana. Tiketi isiyo na tarehe mwuzaji hana sababu ya kuikataa. Bei ikiwa imepanda, adai nyongeza tu. Yenye tarehe ni jambo jingine: mzazi atoe taarifa mapema, naye mwuzaji abadilishe siku. Asiyetoa taarifa ajilaumu mwenyewe.

Na serikali ikifunga kila kitu, kama Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alipotangaza hali ya dharura? Hapo hakuna mkosaji, lakini pesa ziko kwa mwuzaji.

Sheria ya mikataba ya Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Basi masharti yaandikwe kwenye tiketi kabla pesa hazijatolewa. Kuyatunga mlangoni, watoto wamesimama juani, ni kumwonea mteja.