Elimu Peke Yake Haitoshi

Wako watu, na baadhi yao ni waalimu wenzetu, wasemao kwamba mtu akisoma sana chuki humtoka yenyewe. Sisi twakataa neno hilo, na ushahidi wetu ni Philipp Lenard.

Mtu huyu alizaliwa Pressburg mwaka 1862, akasoma Ujerumani, kisha akawa msaidizi wa Heinrich Hertz katika Chuo Kikuu cha Bonn. Hapana awezaye kumwita mjinga. Ndiye aliyefaulu kuitoa miali ya kathodi nje ya chupa yake, akiipitisha katika kidirisha cha alumini nyembamba mno; na kwa kazi ya miali hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Tena mwaka 1902 alionyesha kwamba nuru ikipiga kipande cha madini hufukuza elektroni, na nuru ile ile ikiongezwa, elektroni huzidi idadi, wala nguvu ya kila moja haizidi. Aliyeifumbua sababu yake ni Albert Einstein, Myahudi, naye akapewa Tuzo ya mwaka 1921.

Je, Lenard alifurahi? La! Alimpinga Einstein hadharani Bad Nauheim mwaka 1920. Mwaka 1924, yeye na Johannes Stark, mwenye Tuzo kama yeye, walimsifu Hitler. Na katika miaka ya 1936 na 1937, Wayahudi walipokuwa wamekwisha kufukuzwa vyuoni, alitoa vitabu vinne alivyoviita *Fizikia ya Kijerumani*, akidai ya kuwa elimu hufuata damu ya mtu. Kumbe Hertz, mwalimu wake mwenyewe, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi kwa upande wa baba!

Nuru ile iliyopiga madini haikuuliza kabila la mtazamaji. Lenard aliliona jambo hilo kwa macho yake, asilitie moyoni.

Basi, ndugu waalimu, tusijidanganye. Mtoto akichekwa darasani kwa ajili ya kabila lake, nasi tukanyamaza kwa sababu anayemcheka ni wa kwanza katika hesabu, twamlea Lenard mwingine. Mtihani hupima kichwa. Moyo hauna mtihani. Kwa hiyo hauna budi kufundishwa kila siku, na kwanza kwa mwenendo wetu sisi wenyewe.