Gari la Jeshi Lililostaafu na Liwe Darasa Ganze

Katika mali yote ya umma ambayo Mkenya huiona ikiozea juani bila ya kuuliza swali, hakuna inayonikera kama gari. Katika nyua za ofisi kadha wa kadha utayakuta magari yameegemezwa juu ya mawe, magurudumu yamekwisha kung'olewa, nyasi zimepenya sakafuni, na kuku ametaga chini ya usukani. Miongoni mwayo, yaliyoumbwa kudumu zaidi ni yale yaliyolitumikia jeshi: Land Rover na mengineyo yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne. Yakishastaafishwa huuzwa kwa zabuni au kwa mnada. Baadhi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mengine huangukia mikononi mwa watu wenye nafasi mijini, ambao huyafufua, wakayatia keria na hema la juu, kisha wakaenda nayo porini mwishoni mwa juma.

Sina ugomvi na watu hao. Afufuaye chombo kilichokufa ana stahili ya kupongezwa. Hoja yangu ni kwamba raha hiyo, na elimu iliyomo ndani yake, isiwe haki ya mwenye fedha peke yake. Naamini kwamba baadhi ya magari hayo yafaa kukabidhiwa shule na vyuo vya ufundi vya umma, nami nataka nitoe mfano wa Ganze.

Jimbo la Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, ni Pwani isiyoonekana katika picha za watalii. Hakuna bahari hapa. Ukiondoka mjini Kilifi kuelekea Ganze mjini, Vitengeni na Bamba, minazi hupungua, vichaka huzidi, na mvua huwa ni jambo la kuombewa dua. Hata hivyo, upande wa mashariki wa jimbo hilo upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa karibu kilomita mraba 420, ambao ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Humo yumo bundi mdogo wa Sokoke, na yumo mnyama mwenye pua ndefu na sehemu ya nyuma ya rangi ya dhahabu, ambaye wataalamu husafiri kutoka ng'ambo kuja kumtazama. Ni wanafunzi wangapi wa Ganze waliowahi kulala usiku mmoja kando ya msitu huo, wakamsikiliza bundi huyo akilia, wakaandika walichosikia?

Kikwazo kimoja kikubwa ni njia. Katikati ya msitu kuna ukanda wa mchanga mweupe unaoota mirihi, na upande wa kaskazini-magharibi kuna udongo mwekundu. Mchanga hulimeza gurudumu wakati wa kiangazi, na udongo mwekundu huteleza mvua inyeshapo. Basi la shule halifiki huko. Gari la magurudumu manne hufika.

Wapo watakaocheka kusikia gari la vita likitajwa pamoja na elimu. Nawakumbusha kwamba Land Rover yenyewe ni mwana wa gari la vita. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep ya jeshi katika shamba lake huko Anglesey, Wales. Alipowaza ni gari gani lingeweza kuirithi, wazo la Land Rover likazaliwa, na mwaka 1948 gari hilo likaonyeshwa Amsterdam. Bodi lake lilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini kwa sababu chuma cha pua na cha kawaida vilikuwa adimu Uingereza wakati ule. Kwa hiyo, kukitoa chombo jeshini na kukipeleka shambani ndiko kulikomzaa mnyama huyu.

Tena, sheria haitufungii mlango. Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8, na kwa hivyo anayetaka gari la jeshi la zamani hana budi kutazama yaliyomo humu humu. Nayo Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Mwaka 2015, inapotaja namna za kuondoa mali isiyohitajika, haitaji zabuni na mnada pekee. Inataja pia kuihamishia kwa taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila ya malipo. Shule ya upili ya umma ni taasisi ya umma, na chuo cha ufundi cha kijiji, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekiweka chini ya kaunti, ni taasisi ya umma vilevile. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua na mwingine wa kuijibu.

Je, gari hilo likifika, lifundishe nini? Kwanza, kemia. Bodi la alumini haliliwi na kutu kama chuma, lakini linapogusana na boliti za chuma katika hewa ya chumvi ya Pwani, alumini huanza kulika pale pale penye mgusano. Chesisi, ambayo ni ya chuma, huoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Mwanafunzi aliyeigonga chesisi kwa nyundo, akasikia sauti ikibadilika kutoka mlio mkavu hadi kishindo kizito, hatasahau somo la kutu maishani mwake.

Pili, fizikia. Baadhi ya magari ya jeshi, hasa yaliyobeba redio za mawasiliano, hutumia umeme wa volti 24 badala ya 12. Ukiifunga humo taa ya volti 12, nguvu inayopita hukaribia kuwa mara nne, na taa huungua papo hapo. Tatu, hesabu na busara. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mitungi 10 ya lita 20 ni kilo 200. Ukiipandisha juu ya keria pamoja na hema, kitovu cha uzito hupanda, na gari lililo imara bondeni huwa tayari kupinduka mlimani. Pahali pa maji ni chini, karibu na katikati ya gari.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa kambi. Wao huanza na mapambo: taa nyingi, wenchi, matairi mapana, friji. Fundi mwenye akili huanza na breki. Gari lililosimama kwa miaka huharibika hasa katika mipira yake: mipira ya breki hupasuka, ya kuzuia mafuta hukauka, na matairi huzeeka hata kama hayajatembea. Baada ya breki hufuata usukani, chesisi, rejeta na nyaya za umeme, kisha injini. Hema huja mwisho. Na ikiwa chesisi imekatika au kuoza vibaya, gari hilo lisifufuliwe kwa ajili ya barabara. Libaki karakanani, wanafunzi walifungue na kulifunga hadi mikono izoee.

Najua kwamba zipo pingamizi. Ya kwanza ni kuwa Ganze ina shule zisizo na maabara wala maji, sembuse gari la kambi. Ni kweli, na maabara isicheleweshwe hata siku moja kwa sababu ya gari. Lakini tukumbuke kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, wazazi waliambiwa wajenge karakana, na nyingi zikakaa bila ya kitu cha kutengenezwa ndani yake. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kuanzia mwaka 2019, utafuata njia hiyo hiyo ikiwa tutahubiri stadi bila ya kumpa mtoto spana.

Ya pili ni kuwa gari moja halibebi darasa zima. Hilo nalo ni kweli. Lakini kufufua gari ni kazi ya darasa zima, na safari yaweza kufanywa kwa vikundi, au gari libebe mahema na maji huku wanafunzi wakitembea. Kwa vyovyote vile, viti vya ubavuni vya askari viondolewe, vitiwe vinavyotazama mbele vyenye mikanda, na gari likaguliwe na mamlaka ya usalama barabarani kabla ya kumbeba mwanafunzi hata mmoja.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Watu wa huku wana kumbukumbu ya jeshi. Mnamo Agosti 1914, serikali ya kikoloni iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kitovu cha Wagiriama, katika kuuzima upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza. Gari la rangi ya kijeshi likiingia kijijini bila ya taarifa, mzee ana haki ya kushtuka. Kwa sababu hiyo, ipakwe rangi nyingine na jina la shule liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Na kila litakapokaribia kaya, mathalani Kaya Kauma, ambayo ni miongoni mwa misitu ya Mijikenda iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lisimame mbali, na wanafunzi waende kwa miguu kuomba idhini ya wazee. Hilo nalo ni somo, tena halimo katika mtihani wowote.

Naziomba basi wizara za Ulinzi na Elimu, pamoja na Kaunti ya Kilifi, zikae meza moja na kukubaliana juu ya gari moja tu kwa kuanzia, lipelekwe Ganze likiwa na vipuri vyake na kitabu chake cha matengenezo. Walimu wasingoje mwaliko. Bodi ya shule inaweza kuandika ombi sasa. Nanyi wanafunzi, tafuteni fundi wa jua kali aliye karibu nanyi, mumwulize namna breki inavyofanya kazi. Chombo kikija, kiwakute mnajua pa kuanzia.